Jembe Lililosubiri Mpini

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba watu wazima hununua jembe ili walime. Hakuna aliyeniambia hivyo. Wazo hilo nililiokota mwenyewe, kama nilivyookota mengi nikiwa mtoto, na nikalishikilia kupita kiasi. Kwa sababu yake nilikasirika karibu msimu mzima wa masika. Nilimkasirikia baba yangu, nikawakasirikia rafiki zake wawili, na mwishoni nikajikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ya mwisho bado haijaisha yote.

Kilichonikumbusha ni sauti. Nimo katika kundi la mtandaoni la watu wanaopenda kibodi, zile nzito zenye vitufe vinavyobonyea kimoja kimoja kwa mlio. Mtu akinunua mpya anaweka picha, wengine wanampongeza, kisha lazima atokee wa kuuliza: "Inalia vipi?" Mwenye nayo anarekodi vidole vyake vikiandika maneno yasiyo na maana, anatutumia, na sisi watu wazima wenye kazi zetu tunaweka simu sikioni na kusikiliza. Juzi jamaa mmoja alituma ya kwake. Nilikuwa chumbani kwangu hapa Korogwe, nimefumba macho ili nisikie vizuri, mara nikaacha kusikia vitufe. Nikasikia msumari ukigonga jembe.

Niseme na hili, maana nimeshaanza. Nina kibodi tatu. Moja sijawahi kuiandikia hata sentensi, kwa kuwa kitufe chake kirefu cha chini kimekaa upande kwa kiasi ambacho hakuna mtu mwingine anayekiona. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, bila mwalimu, na mtu wa namna hiyo huishi na hofu kwamba kuna jambo la msingi aliliruka na siku moja litamuumbua. Kwa hiyo hukagua, akimaliza anakagua tena. Miaka yote nilidhani tabia hii niliizua mimi.

Tulikuwa tunaishi Masuguru, nyumba ya tofali za kuchoma yenye uwanja mdogo nyuma. Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha mkonge kule Ngombezi. Siku za kazi alirudi na harufu ya majimaji ya mkonge, uchachu fulani unaobaki kwenye nguo hata zikifuliwa. Jumapili kiwanda kilifungwa na yeye akawa mtu mwingine. Alikoga mapema, akafagia uwanja, akatandika mkeka penye kivuli cha ukuta na kusubiri wenzake.

Wenzake walikuwa wawili. Mwalimu Hoza, mstaafu, alikuja moja kwa moja kutoka kanisani akiwa na koti lake. Mzee Bakari alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na kwa kuzoea kelele zake alipaza sauti hata alipokuwa akinong'ona. Wote watatu waliugua ugonjwa mmoja, nao ulikuwa vifaa vya bustani. Kila Jumapili mmoja wao alikuwa na kitu kipya, au kikuukuu alichokichimbua kwenye lundo la mitumba mnadani: mkasi wa kupogolea, reki, keni ya kumwagilia yenye pua ndefu, bomba la mgongoni la kupulizia dawa. Kitu hicho hakikugusa udongo kabla hakijapita mkekani. Kilifika kimefungwa kwenye gazeti au salfeti, na mwenyewe alikaa nacho mapajani akizungumzia mambo mengine, mvua, misiba, nani kaoza binti yake, mpaka wenzake washindwe kuvumilia.

"Mgosi, fungua bwana!" Mzee Bakari alimfokea Baba, akitumia neno la kwetu la kumwita mwanamume. "Unatukalia na mzigo umeufunika kama bibi harusi."

"Tulia, Bakari. Chombo hakikimbii."

"Hakikimbii, lakini mimi nina mashine inanisubiri!"

Mashine ilikuwa imefungwa, ilikuwa Jumapili. Kila mtu alijua.

Likiwa jembe, heshima yake ilikuwa kubwa zaidi. Jembe la dukani huja bila mpini, bamba tupu lililopakwa rangi nyeusi, na karatasi ya kiwandani imebandikwa katikati. Baba alilining'iniza kwenye kidole kimoja kupitia tundu la mpini, akaligonga kwa msumari pembeni ya ile karatasi, na wote watatu wakainamisha vichwa. Jembe zuri lililia muda mrefu, sauti nyembamba iliyokwenda ikififia kama kengele ya baiskeli inayopita. Baya lilitoa mlio wa sufuria. Hakuna aliyeruhusiwa kusema kabla mlio haujaisha wote. Mimi, kwa kuwa siku zote waligonga jirani na karatasi, niliamini kabisa kwamba karatasi ndiyo iliyokuwa ikilia. Niliona ndiyo sababu Baba hakuibandua hata siku moja. Baada ya kusikilizwa, jembe lilikwenda stoo, likatundikwa ukutani na karatasi yake, na halikushuka tena.

Bustani yenyewe ilikuwa matuta mawili ya mchicha na mstari mmoja wa ngogwe, zile nyanya chungu. Mama ndiye aliyeitunza, kwa kisu cha jikoni kilichokatika ncha. Aliwaita wale watatu wakulima wa ukutani, tena mbele yao, akiwapelekea chai.

"Wakulima wa ukutani, karibuni chai. Mavuno vipi mwaka huu?"

"Mazuri, Mama Zaina," Mwalimu Hoza alimjibu kwa upole. Zaina ni dada yangu, aliyekuwa shule ya bweni wakati huo. "Panya tu ndio wanatusumbua."

Nilikuwa darasa la tatu masika yale, Bibi alipopiga simu. Bibi ni mama yake Baba, alikaa Kwamsisi peke yake na shamba lake la mahindi. Lilikuwa na sehemu ya juu, na sehemu ya chini iliyoingia bondeni. Sehemu ya chini ndiyo iliyozaa sana, na ndiyo iliyoota majani haraka mvua ikikolea. Hakuwa na simu, alipiga kwa ya jirani, na aliamini kwamba Korogwe ni mbali kwa hiyo inabidi apige kelele. Sote tuliokuwa sebuleni tulimsikia.

"Shikamoo, mama," Baba alisema.

"Marahaba! Jembe langu limepasuka tundu! Nimelifunga mpira wa baiskeli, nikipiga linaruka kama chura! Na majani yananitazama tu!"

"Nakuletea jembe, mama. Jembe la kweli."

"Lije upesi, mwanangu. Mahindi yameshafika magotini."

Mimi nilikimbia stoo kuhakikisha. Yalikuwepo manne, yametundikwa safi. Nikarudi nikakaa nikisubiri Baba ainuke. Hakuinuka.

"Si utoe moja pale ukutani?" Mama alimuuliza.

"Lipi?"

"Lolote."

"Lolote!" Baba alilirudia neno kana kwamba katukanwa. "Lile la mlangoni zito, litamvunja mama kiuno. Linalofuata shingo fupi, linakwangua tu. La tatu limetoka kiwandani limepinda."

"Na la nne?"

Baba alifikiri kidogo. "La nne siyo la kulimia."

Mama alinitazama mimi, akarudi kuchambua mchele wake.

Jumapili ile jambo lilipelekwa mkekani. Nilidhani litamalizwa pale pale, kwa kuwa walikuwa watu watatu wenye akili na vifaa vya kutosha kulima nusu ya Korogwe. Badala yake walifurahi. Sijui niseme vipi ieleweke: macho yao yaling'aa. Walipata kazi. Jembe la mama mzee wa Kwamsisi, udongo wa kichanga juu na mfinyanzi bondeni, mkono mwepesi, mgongo uliochoka. Liwe na upana gani? Liingie ardhini kwa pembe gani? Mzee Bakari alichora kwa kidole mavumbini. Mwalimu Hoza akafuta, akachora la kwake. Kuanzia hapo Baba alipita minada akitoka kazini, akagonga majembe kwa msumari wake mbele ya wauzaji waliomchoka, na kila Jumapili alikuja na maelezo kwa nini hajalipata.

Bibi alipiga tena.

"Hilo jembe linatoka Ulaya?"

"Mama, vumilia kidogo. Nataka nikuletee kitu kisicho na kasoro."

"Mimi mwenyewe nina kasoro! Leta chochote!"

Alilipata, hatimaye. Naomba nikiri kwamba lilikuwa zuri. Lilipogongwa pale mkekani lililia mpaka Mzee Bakari akakosa la kusema, jambo ambalo sikuwa nimelishuhudia kabla. Baba alinipa nilishike. Lilikuwa baridi, lina harufu ya mafuta na rangi, na ukingo wake ulikuwa umenyooka kiasi kwamba nilipopitisha kidole nilihisi kama nimepitisha kwenye mstari wa daftari. Nikafikiri: kesho.

Kumbe kulikuwa na mpini.

"Mkwaju," alisema Mzee Bakari. "Mkwaju haufi."

"Haufi, lakini unamuua mwenyewe," alijibu Mwalimu Hoza. "Umewahi kushinda na mpini wa mkwaju mkononi? Mpera, Bakari. Mwepesi, na hauchubui. Ninao nyuma ya nyumba, tawi limenyooka kama rula."

"Mpera ni wa kutengenezea manati!"

"Basi wewe mkono wako ni wa manati."

Wakacheka mpaka chai ikapoa. Mpera ulishinda. Tawi lilikatwa, likamenywa gamba, likawekwa juu ya moshi jikoni kwa Mama ili likauke, kwa sababu mti mbichi hulegea ukikaukia ndani ya tundu. Mvua ilinyesha usiku, ikanyesha na mchana. Nilikuwa nalala nikisikia bati na kuona majani ya Kwamsisi yakirefuka gizani.

Tawi lilipokauka, Baba alinipa kazi. Alinivunjia kipande cha chupa na kunionyesha jinsi ya kukwangua mpini, polepole, kuelekea kifuani, vumbi jembamba likidondoka kama unga. Hapo ndipo ninapotaka kuwa mwaminifu, kwa sababu katika hadithi hii nimekuwa nikiwanyooshea wengine vidole. Niliipenda kazi ile kuliko mchezo wowote. Mti wa mpera ukikwanguliwa unatoa harufu tamu, na chini ya kila uvimbe uliouondoa kuna mwingine mdogo zaidi ambao ulikuwa haujauona. Niliposhika niliweza kusema hapa pamekaa sawa, pale napo panavimba, nikikwangua pale hapa panakuwa pameinuka. Baba alipita, akapitisha kiganja, akasema, "Bado kidogo pale." Neno lile lilinifurahisha hadi tumboni. Niliacha kuwaza jembe. Nilimsahau na Bibi. Ninakumbuka vizuri kwamba nilimsahau, maana nilikuwa nikitoka shule nakimbia, na nilichokuwa nakikimbilia kilikuwa ule mti.

Jumapili Baba aliingiza mpini kwenye tundu. Kichwa cha mpini ndicho kinachopaswa kuwa kinene ili kizuie jembe lisivuke. Mimi nilikuwa nimekilainisha kichwa pamoja na kwingine kote. Jembe liliteleza, likapita kichwani, likaanguka mkekani na kulia ule mlio wake mzuri.

Nilisubiri kofi. Nililitaka, kwa kweli, maana kofi lingekuwa mwisho wa jambo. Baba aliokota mpini, akautazama huku na huku.

"Kazi safi," alisema. "Umelainika kama yai. Si kitu, tutatafuta mwingine."

"Nilisema mkwaju!" Mzee Bakari alinguruma kwa furaha.

"Au tujaribu mtiki," alisema Mwalimu Hoza, akivuta mkeka asogee karibu.

Wakaanza upya, wakiwa na raha zao. Niliondoka, nikaenda kusimama nyuma ya jiko nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Pale mkekani hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye haraka, na mimi mwenyewe wiki nzima sikuwa nayo. Kwa akili yangu ya wakati ule nilipata maelezo mamoja tu, nikamwendea Mama nayo.

"Baba hampendi Bibi."

Mama alikuwa anakuna nazi. Aliinuka kwenye mbuzi taratibu. "Nani kakuambia?"

"Hakuna. Hataki kumpa jembe."

Alinawa mikono, akajifunga kanga kiunoni na kwenda mkekani. Nilimfuata. Aliinama katikati yao, akachukua jembe kwa mkono mmoja na mpini wangu kwa mkono mwingine, kama mtu anayeondoa vyombo baada ya chakula.

"Mama Zaina, hilo bado," Baba alisema.

"Bado nini?"

"Si umeona? Mpini unacheza."

"Acha ucheze. Majani hayachezi."

Aliniagiza kipande cha mpira wa baiskeli, akakizungusha kwenye kichwa cha mpini, akauingiza tunduni na kuugongesha kwenye jiwe la kizingiti. Gu! Gu! Gu! Mwalimu Hoza alinyanyua mikono. "Taratibu, mama, utalitia ufa!" Kila pigo lilimfanya Baba afumbe jicho moja. Mama alilitikisa jembe. Lilicheza kidogo, lakini halikutoka.

"Shule zimefungwa," alisema. "Kesho nakwenda Kwamsisi na huyu. Wakulima wa ukutani mtaendelea bila sisi."

Nilidhani patatokea ugomvi. Baba aliinuka, akaingia stoo, akatoka na tupa mpya, bado iko kwenye karatasi yake ya mafuta.

"Mpelekee na hii," alisema. "Ya kunolea."

Tulipanda basi hadi Mkata, kisha bodaboda, mimi katikati na jembe limelazwa mapajani, limefungwa gazeti. Njia ilikuwa tope jekundu, mara mbili tulishuka tukasukuma. Bibi alikuwa mlangoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeniletea jembe au umeniletea maneno?"

Alilifungua. Nilingoja alibebe moja kwa moja kwenda shambani. Badala yake aliuchomoa mpini kwa kuugonga mara moja, akalining'iniza jembe kwenye kidole chake kikavu, akaokota kokoto na kuligonga. Akainamisha kichwa. Nilihisi kusalitiwa. Mlio ulipokwisha aliita kuelekea kwa jirani, "Mwanahamisi! Njoo uone! Njoo na huyo shoga yako!"

Walikuja wanawake wawili, miguu ina matope ya mashamba yao, wakakaa barazani, na jembe likapita mikononi mwao, mwa Bibi, mwa Mwanahamisi, mwa yule shoga, na kurudi.

"Shingo nzuri hii."

"Na linalia! Langu ukiligonga linakohoa."

"Mwanangu katafuta," Bibi alisema, akijidai waziwazi. "Hakuniokotea."

Nilivumilia mpaka nikashindwa. "Bibi, si twende shambani?"

"Twende wapi saa hizi, mume wangu? Jembe halijasalimiwa."

Wanawake wakanicheka. Mwanahamisi aliuliza kama mimi ndiye mtoto wa yule aliyekuwa akisubiri zamu. Bibi akasema ndiye. Kisha akanieleza, huku akilipapasa jembe, kwamba Baba alipokuwa mdogo nyumba nzima ilikuwa na jembe moja. Babu alianza nalo, akafuata Bibi, watoto wakangoja pembeni ya shamba mpaka wakubwa wachoke, na mara nyingi zamu ya Baba ilifika jua limeshachwea. "Alikuwa analia," Bibi alisema. "Mtoto analilia jembe, umewahi kuona? Wenzake wanalikimbia."

Ningependa kuandika kwamba baada ya kusikia hayo nilimwelewa Baba na moyo ukatulia. Nilimwelewa. Moyo haukutulia. Maelezo yalikuwa mazuri na mahindi yalikuwa bado majanini.

Asubuhi tulikwenda. Sehemu ya juu ilikuwa na nafuu, Bibi alikuwa ameipigania kwa lile jembe la chura. Tulipofika ukingo wa bonde nilitafuta mistari ya mahindi nisiione. Palikuwa na majani tu, mazito, yanadondosha umande, na humo ndani, ukitazama sana, vijiti vya njano vilivyokuwa vimekaa kama vimeomba radhi.

"Huku nimeshawaachia," Bibi alisema.

"Umewaachia nani?"

"Wenyewe. Majani."

Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza kwamba njia ile siku hizi haipitiki. Mama aliguna, akatazama pembeni. Bibi alirudi juu, akaweka mguu juu ya jembe na kubandua ile karatasi kwa ukucha. Nilipiga kelele asibandue. Aliponiuliza kwa nini, nikamwambia halitalia tena. Aliligonga. Lililia vilevile. Nilisimama pale nikijisikia mjinga, nimetunza siri ya karatasi miaka yote ile bure.

Mpini ulipoanza kucheza, Bibi alilitumbukiza jembe zima kwenye dimbwi la mvua, akaliacha humo tukila mihogo ya asubuhi. Alipolitoa mti ulikuwa umekunywa maji, umevimba, umebana. Nikamuuliza amejuaje. "Kila mtu anajua," alisema. "Baba yako ndiye aliyekuwa akinifanyia hivi, akiwa kama wewe."

Kwa hiyo Baba alijua. Siku ile jembe lilipoteleza kwenye mpini wangu, dawa yake ilikuwa ndoo ya maji, na ndoo ilikuwa pale pale uwanjani. Mwalimu alijua, Mzee Bakari alijua. Wakaamua kuzungumza juu ya mtiki. Hata leo nikifika hapa vidole vyangu vinataka kushika kitu na kukikwangua.

Tulipalilia sehemu ya juu, Bibi kwa jembe jipya, Mama kwa la jirani, mimi kwa mikono. Rangi nyeusi ilitoka ukingoni asubuhi ile ile, na kabla ya mchana chuma kilikuwa kinang'aa kwa mikwaruzo. Kila jiwe lililogongwa nilishtuka. Bibi hakutazama hata mara moja.

Sehemu ya juu ilivunwa. Bondeni palitoka mabua ya kumpa ng'ombe wa watu. Chakula chake kilimwishia kabla ya vuli, akaja kukaa kwetu Masuguru na kikapu chake, mtu ambaye hakuwa amewahi kula ugali wa unga wa dukani na hakuficha kwamba anaona hauna ladha. Baba alimtengea kiti chake mwenyewe. Wakati wa kula hakuweza kumtazama usoni, alisogeza tu bakuli la mboga upande wake, akalisogeza tena, mpaka Bibi akasema, "Limeshafika, mwanangu, kula na wewe."

Sikuzungumza na Baba juu ya jambo hilo, wakati ule wala baadaye. Kila nikitaka kumlaumu nakutana na ile wiki yangu ya kukwangua. Sijui lile bonde lingepona kama jembe lingefika mapema kwa wiki hiyo moja. Pengine lisingepona. Nimelikagua swali hilo pande zote na halina mahali panapolainika.

Bibi sasa ni mzee sana, hapalilii tena, na bonde analilima mtu mwingine. Baba amestaafu na bado ananunua. Mimi nimebadilika kwa jambo moja. Mtu wa nyumbani akiniomba kitu nampelekea nilicho nacho, wiki hiyo hiyo, na kasoro zake zote. Usiku ule nalala vibaya, lakini kitu kinakuwa kimefika.